Saa Kumi na Sita Ambazo Sikuziona

Jumatatu, 3 Machi

Naosha chupa tangu saa mbili asubuhi. Asetoni inakaribia kwisha, ngozi ya vidole inabanduka. Mzee Ogeto, fundi wetu wa maabara, amefunga bomba linalovuja kwa mpira wa baiskeli. Linavuja bado, ila kwa adabu. Mvua ya saa nane imefika saa nane. Kazi kama kawaida.

Kisha barua pepe. Mhariri wa jarida lililochapisha makala yangu mwaka jana. Maabara mbili za ng'ambo zimejaribu hatua yangu ya tisa na zote mbili zimepata kitu kingine. Nina hadi mwisho wa mwezi kujieleza. Nisipoeleza, makala yatafutwa.

Nimesoma mara nne. Mara ya nne nilikuwa bado nimevaa glavu zenye maji.

Miaka tisa nimejenga molekuli hiyo. Ipo katika mzizi mchungu ambao mama alituchemshia tulipopata homa, lakini ndani ya mzizi ni kidogo mno, huwezi kutengeneza dawa kwa kung'oa vichaka vyote vya Nyamira. Kwa hiyo naiunda mwenyewe, hatua kumi na moja, kuanzia kemikali za kununua. Makala hayo ndiyo jina langu. Jina langu liko kwenye orodha ya watakaopandishwa kuwa maprofesa. Yakifutwa, sina kitu.

Jumanne, 4 Machi

Hasira tupu. Hawajui kazi, hao. Pengine wana maji ndani ya vimumunyisho vyao, vile viowevu vya kuyeyushia kemikali. Pengine walitaka tu kuona kama mwanamke wa Kisii anaweza kuunda kitu.

Nitarudia kwa mikono yangu, niwatumie picha, nyamafu hao.

Alhamisi, 6 Machi

Nilianza jana saa kumi jioni. Leo saa mbili asubuhi nimezima moto. Saa kumi na sita kamili, kama nilivyoandika kwenye makala. Nimedondosha tone kwenye kibao cha silika, ambapo kila kemikali hupanda hadi kimo chake, nikakiweka chini ya taa.

Doa la juu.

Molekuli yangu hukaa chini. Ile ya juu ni ndugu yake: atomi zile zile, ila mkono mmoja umeelekea upande usiofaa. Haitibu chochote. Wale wa ng'ambo waliniletea picha ya doa hilo hilo.

Nimekaa kwenye stuli.

Jumanne, 11 Machi

Mara ya tatu. Doa la juu.

Nimebadilisha kimumunyisho, nimebadilisha chupa, nimepima joto kwa vipimajoto viwili. Najiuliza kama niliota. Lakini sampuli za zamani zipo kwenye friji, zilipimwa Nairobi kwa mashine kubwa, na ni molekuli yangu, haina ubishi. Niliipata mara saba! Mtu haoti mara saba.

Nilipoingia chumba cha chai, wenzangu wawili walibadilisha mazungumzo. Habari zimeshafika.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimejua.

Moraa, mwanafunzi wangu wa uzamifu, alitandaza kurasa zote saba za daftari langu juu ya meza. Tasnifu yake inaanzia pale hatua zangu zinapoishia, kwa hiyo ana hofu kama yangu. Akaweka kidole kwenye tarehe. "Daktari, hizi zote ni za Ijumaa. Kwani Ijumaa huwa kuna nini?"

Hakuna kitu. Jumatatu hadi Alhamisi nafundisha. Ijumaa saa kumi nawasha hatua ya tisa, naenda Nyacheki kumwangalia mama, ambaye hawezi kusimama tangu apooze. Narudi Jumatatu. Jumamosi saa mbili asubuhi Mzee Ogeto anazima. Imeandikwa hapo, kwa mwandiko wangu: saa kumi na sita.

Moraa alisema tu, "Jumamosi?" Halafu akafunika mdomo.

Mzee Ogeto ni Msabato.

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Mkatoliki, ndiyo, lakini nimekua kati ya Wasabato. Najua jirani yetu hachumi chai Jumamosi hata majani yakikomaa yakapita. Najua chakula chao cha Jumamosi hupikwa Ijumaa kabla jua halijazama. Mtoto wa darasa la kwanza Nyacheki anajua. Na mimi miaka saba nimemwagiza mzee huyo aje kazini siku ya Sabato, akaitika, nikaondoka.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemuuliza. Alikuwa anapanga mirija. Hakushtuka hata kidogo. Mshtuko wote ulikuwa wangu.

"Daktari, Jumamosi mimi niko kanisa Nyakoe. Hiyo chupa ilikuwa inakaa mpaka Jumapili. Nilikuwa nakuja asubuhi saa mbili, nazima, naweka kwa friji. Nilidhani unajua."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Akapangusa mrija mmoja. Akasema bosi wa kwanza wa maabara hii, kabla yangu, alimwambia achague Sabato au kazi. Tangu siku hiyo hapeleki neno hilo kwa bosi yeyote. Anaitika, kisha anafanya kile dhamiri yake inakubali. Akaongeza, bila ubaya wowote: "Na wewe hukuniuliza hata siku moja, Daktari. Jumatatu ulikuwa unafurahi tu."

Ni kweli. Jumatatu nilikuwa nafurahi tu.

Kuanzia Ijumaa saa kumi hadi Jumapili saa mbili. Saa arobaini. Wala sikuandika baada ya kuona. Niliandika Ijumaa, kabla ya kuondoka, kile nilichoagiza kitendeke. Muhula uliopita niliwaangusha wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza kwa kuandika majibu kabla ya jaribio. Mmoja alilia mbele yangu nikamwambia sayansi haina huruma. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Ijumaa, 14 Machi

Mkuu wa kitivo, niliyemweleza yote jana, ameniita. Mpole sana leo, hadi chai akanimiminia. Amepata njia. Niandike kwamba fundi alikaidi maagizo ya maandishi. Kosa la mtumishi. Makala yasahihishwe, fundi apewe barua ya onyo au astaafu mapema, jina langu libaki kwenye orodha. "Kemunto, hapo hujadanganya mahali popote," akasema.

Nimemaliza chai nikatoka. Kilichonitisha ni kwamba sikusema hapana.

Jumapili, 16 Machi

Nyacheki. Nimemwogesha mama, nimemgeuza, nimemsomea masomo ya leo kwa kuwa hawezi kufika misa. Halafu nimekaa nje nikaandika barua aliyoitaka mkuu wa kitivo. Imetoka bila shida, aya tatu. Kila sentensi ni ya kweli.

Nikaisoma kwa sauti, mama akiwa kitandani kando ya dirisha. Sijui alisikia nini. Aliniuliza kwa Kigusii huyo mzee amekosa nini. Nilianza kumweleza, nikakosa pa kuanzia.

Nimeichana. Sijivunii. Nimeichana kwa sababu nimeona aibu, si kwa sababu mimi ni mwema.

Jumatano, 19 Machi

Jumatatu saa kumi niliwasha. Leo saa mbili asubuhi nimezima. Saa arobaini, na nilipitia kuangalia kila niliposhuka darasani, jana nikamwachia Moraa zamu ya mchana, naye akaandika alichokiona kwa mkono wake.

Doa la chini. Moja, safi.

Moraa aliruka akakumbatia kabati! Kumbe yule ndugu asiyefaa hujitengeneza kwanza, upesi. Ukimwacha kwenye moto, polepole ule mkono hujigeuza wenyewe na kukaa upande wake. Hakuna kitabu kilichoniambia. Hatua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na si mimi niliyeigundua. Ni mtu aliyekataa kufanya kazi Jumamosi.

Mzee Ogeto alitazama kibao chini ya taa. Akasema, "Basi ni nzuri," akaenda kuchota maji.

Nimelia chooni. Furaha na fedheha pamoja.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwandikia mhariri ukweli wote. Muda ni saa arobaini. Jaribio jipya liko hapa, na picha. Muda wa zamani niliuandika mimi kabla ya jaribio kwisha, nikiwa sipo. Fundi hana kosa. Nimeomba jina lake liongezwe kwenye makala.

Nimebonyeza tuma. Nimepata njaa kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Nimekula ndizi za kupika sahani mbili. Nina imani. Kemia ni sahihi, molekuli ipo, nani atakataa?

Ijumaa, 28 Machi

Wamekataa.

Makala yanafutwa. Barua ina adabu mno. Wanashukuru kwa ukweli wangu. Wanakubali kwamba jaribio jipya linafanya kazi, na wanakaribisha makala mengine, mapya, yakaguliwe upya kuanzia mwanzo. Lakini haya hayawezi kusimama, kwa kuwa daftari lililoandikwa kabla ya tukio si ushahidi wa tukio.

Nilitegemea labda waniadhibu kidogo. Hili sikulitegemea.

Aya ya mwisho ndiyo iliyonimaliza. Wananiomba nithibitishe ni kurasa zipi nyingine, katika makala yangu yote, niliziandika kwa namna hiyo.

Mkuu wa kitivo hakunimiminia chai. Jina limetoka kwenye orodha. Moraa ataandika sura yake ya kwanza upya; amesema ni sawa. Mzee Ogeto aliondoka saa kumi na moja, kabla jua halijazama, akaniaga kama kila Ijumaa.

Jumatatu, 31 Machi

Hakuna darasa leo. Mvua imekuja mapema.

Nimemwomba Mzee Ogeto anishushie madaftari yangu yote kutoka rafu ya juu. Ameyafuta vumbi moja moja na kuyapanga kwa miaka. Akarudi kwenye sinki lake.

Nimechukua kalamu nyekundu. Nafungua, natafuta siku, nakumbuka nilikuwa wapi. Nyacheki. Nairobi kwenye semina. Mazishi ya shangazi kule Keumbu. Pembeni mwa mstari naandika neno moja, sikuwepo, na tarehe ya leo. Kurasa nyingine hazina neno. Hizo nilikuwepo, nakumbuka hadi harufu. Kurasa nyingine zina sikuwepo tatu.

Saa kumi nimemaliza daftari la nne. Yote ni kumi na moja.