Majibu Kumi na Moja Yaliyofanana

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA CHAMA CHA KUTUNZA LUGHA YETU, OBERPRUNN, KILICHOFANYIKA JUMAPILI TAREHE 14 NOVEMBA 2004, CHUMBA CHA JUU YA KIWANDA CHA JIBINI

Salamu zinatangulia, kwa kuwa nakala hii inakwenda kwa Noemi, mwanafunzi wetu wa Padova. Anasalimiwa yeye, mama yake, baba yake na mguu unaomsumbua, kaka yake Davide na bibi yake wa Rovigo. Wanaosalimu ni wajumbe wote, na nyumbani kwa Katibu ni mume wake, watoto wao pacha Marta na Luca, na mbwa, ambaye bado analala kwenye kitanda alicholalia Noemi.

WALIOHUDHURIA: Rinaldo Dorigo, Mwenyekiti, Fiorenza Zotti, Mzee Ermete Carli, Ilde Pruner, Katibu.
HAYUPO: Agnese Zotti, mama yake Fiorenza, aliyefariki Septemba. Jina lake halijafutwa kwenye orodha. Katibu hakuweza.

KUMB. NA. 1/11/2004: BARUA YA NOEMI
Mwenyekiti aliisoma. Noemi ameandika kwamba wazee kumi na mmoja aliowarekodi Julai walijibu maswali yote sawasawa, neno kwa neno. Mwalimu wake amesema watu hawajibu hivyo, na anadhani majibu ameyatunga Noemi mwenyewe. Mwalimu asipopata maelezo kabla ya mwisho wa mwezi, kazi ya Noemi ya miaka miwili itakataliwa.

KUMB. NA. 2/11/2004: YALIYOTOKEA
Katibu alikiri kwamba kosa ni lake. Noemi, aliyekuwa mgeni nyumbani kwa Katibu, aliacha karatasi za maswali mezani, na Katibu alizisoma akikanda unga. Maswali yalihusu maneno madogo kama "yeye" na "huyo", yanakaa wapi, hasa sentensi inapoingia ndani ya nyingine, kama "najua kwamba mama amemwona". Wajerumani huyaweka mahali pao, Waitaliano pao, na sisi tulio katikati kila nyumba na pake. Katibu aliogopa tutaonekana hatujui kusema. Shuleni alichapwa kwa kusema lugha hii, akaacha darasa la tano. Basi aliwaita wazee baada ya misa, akawapikia polenta ya unga wa mahindi, wakakubaliana jibu moja kwa kila swali, kwa kufuata kitabu cha sala cha padri.

Mzee Ermete alisema: "Mimi nilikwambia, Ilde. Huyu binti anatafuta kilichomo kichwani bila kufundishwa. Wewe ukawafundisha."

Katibu alikubali. Alikiri pia kwamba Mzee Ermete alipokataa kuja kwenye polenta hiyo, hakumpa Noemi jina lake, asije akarekodiwa.

Mwenyekiti alishauri tuandike kwamba hatujui chochote, kijiji kisichekwe. Mzee Ermete alimuuliza: "Na yeye aitwe mwongo, Rinaldo? Aliyetuoshea vyombo wiki tatu?" Mwenyekiti aliomba neno lake lisiandikwe. Limeandikwa.

Iliamuliwa kwamba mwalimu wa Noemi aandikiwe ukweli wote, na barua itiwe sahihi na kila mjumbe. Mwenyekiti alitia sahihi wa mwisho.

KUMB. NA. 3/11/2004: KUREKODI UPYA
Wazee kumi waliobaki baada ya Agnese wako tayari, ila wanasema hawakumbuki tena walikuwa wanasemaje kabla ya ile polenta. Mzee Ermete atajibu atakavyo. Ana miaka tisini na moja na kifua kinambana, kwa hiyo Noemi asingoje theluji iyeyuke.

KUMB. NA. 4/11/2004: MENGINEYO
Fiorenza alisema tangu msiba kila Jumapili anasikiliza kaseti ya mama yake, nakala aliyopewa na Noemi. "Sauti ni yake. Lakini mama hakusema hivyo hata siku moja. Anasema kama padri." Aliuliza kama kuna mahali popote mama yake alipobaki akisema kwa namna yake mwenyewe. Katibu aliomba radhi, na Fiorenza alisema ameisikia radhi.

Baadaye Katibu alikumbuka kwamba siku ile ya kurekodi, kabla ya swali la kwanza, Agnese alimgombeza Noemi kwa kuingia na viatu sakafuni, akamwambia, kwa usemi wake mwenyewe, kuwa yeye Agnese alijua tu kwamba Noemi hataangalia kama pameoshwa. Kaseti ya Fiorenza inaanzia kwenye maswali. Haijulikani kama mashine ya Noemi ilikuwa imeshawashwa.

Noemi mwanangu, sikiliza mwanzo wa kaseti yako. Upate au usipate, tuandikie haraka, Fiorenza anangoja.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja na robo jioni.

Rinaldo Dorigo, Mwenyekiti
Ilde Pruner, Katibu