Karai Zilizonipita

Jumanne, Gatongora

Hasira imenijaa hadi chai imenishinda.

Leo tulikuwa tunamwaga slab, sakafu ya ghorofa, tumepanga laini ya kupokezana karai za zege. Niliwekwa katikati ya Komredi na Jenerali. Hayo ni majina ya utani ya mjengoni. Komredi anataka matajiri wanyang'anywe kila kitu, na anayewatetea afungwe mdomo. Jenerali anataka mtawala wa mkono wa chuma, sisi tuliotoka mbali turudi kwetu, na anayepinga afungwe mdomo. Kila siku wanatukanana kama wake wenza.

"Na wewe Busia, uko upande gani?" Jenerali akaniuliza, akiniita kwa jina la kwetu.

Nikasema sina upande. Nataka tu mtu aweze kusema hapana na kesho yake arudi kazini.

"Sikia huyu mbwa wa matajiri!" Komredi akasema.

"Msaliti kabisa," Jenerali akajibu. "Atoke kwa laini."

Basi Jenerali akawa anampa Komredi karai kupitia mbele ya kifua changu, nao wanacheka kama ndugu. Nilinyoosha mikono, hawakunipa. Fundi akaniona nimesimama bure, akanifukuza kazi. Hakutaka hata kusikiliza.

Kesho nitaulizia kazi kwenye mjengo mwingine kule Kiuu, na sijui kama nitapata. Mke wangu akipiga simu nitamwambia nini? Kwamba watu wasiopatana hata kuhusu chumvi ya githeri ya mchana wamepatana mara moja tu, kunitoa mimi?