Vyombo Havijanuna

Shikamoo Mama,

Mvua ya Songea haina masihara! Krismasi imetukuta tumebanana sebuleni kwa mwenyeji wangu, Mama Faraja, karibu nusu ya mtaa. Wakati wa kuosha vyombo nikaona kila kimoja kina jina chini, limeandikwa kwa rangi ya kucha, maana huku vyombo vya sherehe huazimwa nyumba kwa nyumba. Sufuria moja ni ya Mama Zuhura, jirani asiyesalimiana na Mama Faraja tangu mavuno. Unanijua, nikauliza imefikaje.

“Tulionuniana ni sisi,” akanijibu. “Vyombo havijanuna.”

Kisha akaijaza pilau, kwani chombo cha mtu hakirudi kitupu, akanituma niipeleke. Mama Zuhura akafunua mfuniko, akanusa, akacheka peke yake. Akachukua mwavuli, tukarudi wote.

Hivi, Mama, lile hotipoti la mama mdogo, ambaye siku hizi hatumtaji, bado lipo juu ya kabati?

Nakuombea sikukuu yenye watu wengi. Pilau unajua kupika.

Mwanao mdadisi,
Tumaini