Senti Isiyotafutwa

Yorkton, Januari

Dada Oksana,

Natumaini baridi ya huko Ohio haikutesi. Hapa theluji imefika madirishani, na yule paka wako mzee bado yuko hai, mkorofi kama wewe mwenyewe.

Baada ya mazishi ya Baba niliipeleka senti yake, ile ya huku kwetu ya 1925, kwa muuza sarafu.

"Mama, ingekuwa ya Marekani ungenunua jokofu," akasema. "Hii itakulipia chakula cha mchana."

"Kwani si adimu?"

"Adimu sana. Ila wakusanyaji wa Kimarekani ni wengi, sisi wa huku wachache. Bei hailetwi na uadimu, mama. Inaletwa na wanaoitafuta."

Nikarudi nayo nyumbani.

Unajua mkesha wa Krismasi huwa tunatenga sahani ya marehemu. Baba miaka yote aliitenga kwa ajili yako. Nikimgombeza, "Baba, Oksana yuko hai!" alikuwa akinijibu, "Basi huenda akaja."

Mwaka huu nimemtengea yeye, na senti yake nikaiweka ndani. Baba alikuwa mmoja tu, dada. Watoto tulikuwa wawili, akatafutwa na mmoja.

Mdogo wako,
Halya