Baba Amepita Kipimo cha Sauti, Sasa Nimfundishe Kufeli?

Shangazi Imaculata mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu zaidi ya hapa, na tafadhali usitaje jina langu, kwa sababu sisi Wakenya wa Apple Valley na Burnsville, huku Minnesota, tunajuana hadi rangi za magari.

Mimi ni nesi, kazi hii nimeifanya miaka mingi, na ninaishi na baba yangu ambaye alikuwa hedimasta huko Meru mpaka akastaafu, mtu wa kusimama paredi bila maikrofoni na watoto wa kule nyuma kabisa wanamsikia, na sisi watoto wake hakuna hata mmoja aliyewahi kufeli mtihani, si kwamba tulikuwa na akili sana, ni huyu mzee, alikuwa anakurudisha kwa kitabu mpaka unaota majibu. Sasa mwaka jana sauti yake ikaanza kushuka. Ilishuka pole pole hadi tukazoea, kwenye maombi watu wanamwambia arudie, ndugu yake akipiga simu kutoka nyumbani analaumu network ya Amerika kwamba imeharibika, na mimi namwambia ni kweli, imeharibika. Mkono wa kulia pia ukawa unatetemeka akiwa ametulia tu, na vifungo vya shati vinamchukua asubuhi nzima. Daktari wetu wa kawaida akamwangalia akasema anashuku Parkinson, akamweka kwenye foleni ya daktari wa neva, na kabla ya hapo akamtuma kliniki ya sauti kule Saint Paul, ambapo unaongea kwenye maikrofoni na kompyuta inapima nguvu ya sauti yako, inavyotetemeka, na mahali unaponyamaza katikati ya maneno, kwa sababu ugonjwa huo wakati mwingine unaonekana kwa sauti mapema.

Basi dada wa kliniki akanipigia simu ili mzee asije akaogopa, akanieleza kwamba atasema "aaa" kwa pumzi moja mpaka iishe, atasema pa-ta-ka, pa-ta-ka haraka haraka, atasoma aya moja, halafu ataeleza asubuhi yake ya kawaida, hata kwa Kiswahili akitaka, maana kompyuta haijali sana anasema nini, inasikiliza anavyosema. Yeye maskini alikuwa anatutuliza. Mimi nilichosikia ni silabasi.

Nikampigia kaka yangu Gitonga wa Burnsville, naye hakuuliza baba anaumwa wapi, aliuliza tuko na wiki ngapi. Jioni hiyo hiyo tukamwita Jeremiah, mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, akaja na kinanda chake akamfundisha mzee kupumua kwa tumbo. "Aaa" ya kwanza, woiye, ilikuwa nyembamba na inayumba, lakini tukampa tangawizi na asali, Jeremiah akamwambia afikirie kuna mtoto anatoroka paredi, na Shangazi, ile sauti ya zamani ilirudi, hata mimi nilisimama wima! Pa-ta-ka tulifanya kwenye gari, nika-drive barabara kuu ya 35 yote kwenda kanisani tukiimba pa-ta-ka. Aya ya kusoma hatukuijua, kwa hivyo akasoma kila kitu, hadi maandishi ya kwenye pakiti ya unga. Na ile ya asubuhi ya kawaida tukaiandika kama insha, mzee mwenyewe akaisahihisha kwa kalamu nyekundu: "Nilirauka alfajiri na mapema, majogoo wakiwika, umande ukimetameta juu ya nyasi, nikavaa nguo zangu nadhifu na kushika tariki." Nje theluji iko magotini na jogoo sijawahi kumwona Apple Valley, lakini insha ni insha.

Siku moja katikati ya mazoezi akaacha pa-ta-ka, akaniangalia. Huwa ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Akasema, "Mama, hii si ya kupita. Hawa wanataka kujua nina nini." Nikamwambia, baba, concentrate.

Siku ya kipimo niliketi naye ndani. Mkalimani alikuwa Mkongomani anaitwa Faustino, yuko kwenye skrini, na mzee alipofika kwa majogoo huyo Faustino akasahau kazi, akasema, "Papa, hii Kiswahili ni ya muzuri sana!" Baada ya umande alikwama kidogo, nikamwonyesha kwa midomo tu, "nyasi", akaendelea. Matokeo yakaja kwamba sauti iko sawa kwa umri wake. Daktari wa neva alipoyaona akamtoa kwa wale wa haraka, tukapewa tarehe ya mwaka ujao, na sisi, Mungu atusamehe, tukanunua mbuzi. Sherehe ilikuwa kwa Gitonga, keki imeandikwa Hongera Mzee, Jeremiah akatoa ushuhuda, watu wakalia. Hapo hapo Serah wa Oakdale akanishika mkono, ati mama yake ameanza kusahau majina na anaitwa kupimwa, nimsaidie. Nikamsaidia. Wengine wakasikia. Sasa kila Jumamosi niko na tuisheni ya wazee kwenye basement, wanasema "aaa" wote pamoja, na jirani yangu mzungu ameniuliza ibada inaanza saa ngapi.

Shangazi, Jumamosi iliyopita wazee walipoondoka nilibaki sebuleni na Serah, nikamwekea rekodi ya baba ya mazoezi ya mwisho, volyumu juu kabisa, ili asikie mwanafunzi wangu alifika wapi, ile "aaa" ikajaa nyumba yote. Na wakati huo baba alikuwa ameteleza bafuni, yuko chini, ananiita. Sikumsikia. Serah alienda kuosha mikono, ndiye aliyemkuta. Hakuvunjika, alichubuka nyonga tu, lakini nilipoinama mpaka sikio likafika karibu na mdomo wake, akasema, "Nilikuita, mama. Nilikuita mpaka nikachoka."

Tangu siku hiyo sina amani. Chai nayo imeanza kumpalia. Nataka aonwe haraka, lakini ili aonwe haraka si lazima sauti ifeli? Na Gitonga anasema tusithubutu kumwambia mtu kwamba tulimfundisha, mimi ni nesi, nitaficha wapi uso wangu? Kwa hivyo nimeanza kumfundisha kufeli. Namwambia aongee chini, awe anasitasita, "aaa" ayumbishe kidogo. Hawezi! Akiona tu simu inarekodi anajaza kifua, ananiambia hajawahi kufeli na hataanzia Amerika. Nikizima simu, sauti inafifia. Haki ya Mungu nimechanganyikiwa. Niambie, nimfundishe namna gani afeli vizuri, bila daktari kujua amefundishwa?

Nesi, Apple Valley

SHANGAZI IMACULATA ANAJIBU:

Nesi wangu, jina lako nimelificha, ingawa sijui nimelificha kwa nani, maana nusu ya Burnsville walikula mbuzi wako.

Barua yako nilianza kuisoma nikacheka hadi mwanangu akaja kuuliza kuna nini. Nilipofika bafuni nikaacha kucheka. Pole sana, mwanangu, na mfikishie mzee pole zangu. Baba aliyekuwa anasikika uwanja mzima leo hasikiki chumba cha pili, hilo linauma, na sidhani ulifanya haya kwa ubaya. Uliogopa. Ukaona heri mtihani, maana mitihani angalau mnaijua.

Sasa nikugombeze. Wewe ni nesi! Mgonjwa akija kupimwa sukari, unamwazima damu ya jirani ili majibu yawe mazuri? Mmepeleka gari linalogonga kwa fundi, mkafungulia redio hadi mwisho, fundi akasema hasikii kitu, ninyi mkakata keki. Wale watu wa Saint Paul waliuliza asubuhi ya baba yako. Asubuhi yake ni vifungo vya shati na mkono unaotetemeka. Kwenye hizo pause zake, pale anapotafuta pumzi au neno, ndipo walipotaka kusikiliza, nanyi mkazijaza majogoo. Majogoo, Minnesota, kwenye theluji! Na yule Faustino naye akasifia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mzee alikuambia mwenyewe. Hii si ya kupita, alisema. Kwenye tuisheni yenu yote mwenye akili alikuwa mmoja, na mkamwambia azingatie masomo.

Swali lako ni umfundisheje kufeli. Humfundishi. Humfundishi kufaulu, humfundishi kufeli, humfundishi chochote. Ukimpeleka na sauti mbovu ya kuigiza, daktari atakuwa anatibu ugonjwa uliotungwa sebuleni kwako, na dawa za ugonjwa huo si za kubahatisha.

Ukimaliza kusoma hapa piga simu kliniki ya sauti, kisha ofisi ya daktari wa neva, na ufanye hivyo kabla hujaongea na Gitonga. Sema bila kupamba: baba alifanyishwa mazoezi kabla ya kupimwa, mimi nilimdokezea maneno mle ndani, matokeo hayafanani na anavyoongea nyumbani, ameanguka, na vinywaji vinampalia. Basi, nyamaza. Kuanguka na kupaliwa peke yake ni sababu ya kumwombea tarehe ya karibu, kwa hiyo hata hilo somo lako la kufeli lilikuwa kazi bure. Waambie pia kwamba akiona maikrofoni hujaza kifua. Wamewaona wengi wa namna hiyo, watamwacha aongee mpaka asahau kwamba ipo. Aibu utaiona, sikudanganyi, na utaivumilia. Gitonga akija juu, mwambie ahamie kwako wiki moja, awe anainama yeye kumsikiliza baba yake.

Leo hii mnunulie kengele za mlangoni zile zisizo na waya, kitufe kimoja kikae bafuni usawa wa sakafu, kingine avae shingoni. Chai anywe ameketi wima, kidogo kidogo, na usimwongeleshe akiwa na kitu mdomoni, na uombe apangiwe mtaalamu wa kumeza. Akipaliwa hadi pumzi imshinde, au akianguka akagonga kichwa, piga 911. Usikae kuniandikia barua mimi.

Tuisheni ifungwe. Serah mpigie wewe mwenyewe, umwambie mama yake anayesahau majina anahitaji daktari, na kwamba mwalimu amejiuzulu. Wale wazee wengine vilevile, kila mmoja na mtoto wake, tena kwa simu, usijifiche nyuma ya kundi la WhatsApp. Wakikuuliza kwa nini, wasimulie habari ya bafuni. Wataelewa haraka.

Jeremiah usimfukuze. Kupaza sauti si upuuzi, wenye Parkinson hufundishwa kweli kuongea kwa nguvu, na wataalamu wa usemi, na mafunzo hayo huwasaidia wengi. Ila hufundishwa baada ya kupimwa, daktari akijua, ili mtu aweze kuomba chumvi mezani na kuita akianguka. Mzee akishapata mtaalamu wake, Jeremiah aende akaulize afanye nini, na kinanda akiache nyumbani.

Na kabla ya siku ya kupimwa upya, keti na baba yako umwambie kwamba safari hii hakuna atakayemsahihisha. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, maana ni wewe uliyemtaka apite. Insha ichaneni. Akiulizwa asubuhi yake, aeleze vifungo. Wewe kaa nje na koti lako. Akitoka amechoka, akakuambia kwa sauti yake hiyo ndogo kwamba amefeli, usimbishie na usimpe moyo wa uongo, mshike mkono mwende kwenye gari. Mwache baba yako afeli, mwanangu. Afeli mapema, dawa zikiwa bado zina la kumsaidia.

Shangazi Imaculata