Presha Uliyoniachia

Mama,

Naandika nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto kama muuguzi alivyoniamuru, kwa hiyo usiucheke mwandiko wangu. Ulizoea kuniambia kwamba mwalimu mzima naandika kama kuku aliyepita kwenye majivu. Nipo Bukoba, kwenye chumba chetu cha mtaa wa Bakoba. Nina mimba, Mama. Nilitaka nije likizo nikuambie ana kwa ana, ukatangulia.

Presha yangu imepanda. Kule kliniki muuguzi alinifunga ule mpira mkononi, akapima, akaufungua, akanifunga mkono wa pili. Akaniuliza kama nalala. Silali. Nakula? Chakula kinanikinaisha. Na moyo ulikuwa unakwenda mbio, nami nimekaa tu kwenye benchi. Akaniangalia usoni akasema, "Umefiwa na nani, dada?"

Nilicheka, Mama. Nikamwambia ni mama yangu, lakini yamekwisha, nimeshapoa.

Ndivyo nilivyojifunza kwako. Tata, baba yetu, alipofariki ulitulea peke yako bila kulalamika. Kaka Deo alipozama akirudi kutoka kisiwa cha Goziba, na mwili wake tusiupate, kijiji kizima cha Ijumbi kililia isipokuwa wewe. Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Ukakiacha kibanja, lile shamba letu la nyumbani, ukaliacha kaburi la Tata kati ya migomba, ukaibomoa nyumba na kuibeba miti yake kichwani. Kwenye shamba la kijiji jembe lako lilikuwa la kwanza kufika. Mwenyekiti alikusimamisha mkutanoni akasema, "Huyu mama ni mfano wa kuigwa." Watu wakapiga makofi, nami nikapiga kwa nguvu kuliko wote.

Lakini nywele zako zilikuwa nyeupe kabla mwaka ule haujaisha. Gauni la kanisani likakupwaya. Kichwa kilikuuma kila siku, ukawa unakunywa maji machungu ya majani ya mubilizi na kusema ni jua tu. Na kahawa ya kutafuna! Mgeni akifika, ulikuwa ukimpa punje mkononi kwa heshima. Mkono ulipoanza kutetemeka, ukaanza kumwekea kwenye kikapu kidogo juu ya mkeka. Ma Yustina jirani akadhani ni ustaarabu mpya, akaiga. Mimi na wewe tulicheka mpaka tukashika mbavu. Leo sioni cha kuchekesha, maana mkono ule ulikuwa unasema kile ambacho mdomo wako ulikataa kusema. Kiharusi kilikuangusha ukianika kahawa.

Kwenye msiba wako nilikuwa wewe mtupu. Kwetu mfiwa hukaa chini kwenye nyasi, majirani ndio wanaopika na kumlisha. Mimi nilikaa kidogo tu. Nikainuka, nikamenya ndizi, nikagawa chakula, nikapokea wageni kama vile msiba ni wa mtu mwingine. Nikasikia wakisema, "Huyu kachukua moyo wa mama yake." Nilifurahi, Mama. Siku ya kukuzika wewe, nilifurahi kusifiwa!

Sasa muuguzi yule hakukubali kwamba nimepoa. Aliniuliza, "Umemlilia?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Akasema presha ya namna hii inaweza kunimaliza mimi na mtoto, na dawa peke yake haitatosha nisipolala na nisipoacha kujikaza. Nilianza kulia palepale, mbele ya wajawazito wenzangu, mpaka wakanishika mabega.

Muuguzi alipokubali nisafiri, mume wangu alinisindikiza Muleba, hadi kijijini kwetu. Sikumwamkia mtu. Niliingia nyumbani kwako, nikakaa chini. Mama mdogo Koku aliniona. Alitoka nje akaita majirani, na hao wakaja na nyasi mpya na vyungu vya ndizi, kana kwamba umekufa asubuhi ile. Ma Yustina alinilisha kwa mkono wake. Nililia, Mama. Nilikulilia wewe, nikamlilia Deo, halafu nikalia kile kilio chako ambacho hukukitoa. Wakalia nami. Hakuna aliyenisifu, na usiku ule nililala usingizi.

Presha imeshuka kidogo. Muuguzi anasema bado, nisitambe. Mtoto anacheza sana, hasa ninapokula.

Sikulaumu. Kama ungekaa chini na kulia, nani angetulisha? Ila nina hasira, nakuambia kweli. Nina hasira na makofi yale, yakiwemo yangu.

Basi lala, Mama. Lala sasa, umechoka. Nakuahidi mwanangu ataniona nikilia, na nikizidiwa nitasema nimezidiwa, hata mbele ya mkutano. Watasema binti yako hana moyo wako. Waache waseme. Nataka kuishi.

Binti yako,
Kemi