Bao la Feliksi na Mashine ya Bahati

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia kama zamani, ukiwa umeinamia ungo wa maharage, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Nilirudi nyumbani kutoka kambini wiki iliyopita, leo nimepita kaburini kwako kung'oa majani, na sasa nimekaa jikoni kwako. Nimekuletea habari njema. Feliksi wetu amepona.

Hukujua kwamba aliugua. Tulipomaliza tu kukuzika, dukani pale njia panda ililetwa mashine ya sarafu, ile ya taa na muziki ambayo vijana wanaiita dubwi. Walisema ni ya Wachina. Feliksi alianza kwa kuwatazama wenzake. Baadaye ikawa akitoka kufyatua tofali anapitia pale, anafika nyumbani mikono mitupu. Aliuza baiskeli. Kisha akauza bati, Mama. Zile ulizonunua moja moja kwa fedha za ndizi zako, ukaziegemeza ukutani chumbani kwako. Nilipomuuliza aliniambia, "Dada, leo ilikuwa karibu kutoa." Kila siku ilikuwa karibu.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya kupika kwenye kambi ya Wachina wanaotengeneza barabara, upande wa Rusumo. Nilikwenda na hasira yangu. Niliwaona wote kama ndio wenye mashine. Mwaka wao mpya ulipofika walivaa nguo nyekundu, wakapeana bahasha nyekundu, wakakaa kucheza majong, mchezo wa vigae vidogo vyenye michoro ambavyo wanavigonga mezani kwa kelele. Mimi nilikuwa nimetoka kwaya, kitabu cha nyimbo kwapani. Nilipowasogelea walinifukuza kwa mikono kama kuku. Msimamizi wao, mtu mzima tunayemwita Mzee Cheni, akacheka, akanieleza kwamba kwa lugha yao neno la kitabu linasikika kama neno la kushindwa, na mchezaji hataki kitabu nyuma yake. Nne nayo hawaipendi, inasikika kama kifo. Nane ndiyo mali.

Nilikirudisha kitabu jikoni, nikaja kumuuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini watu wa kwao wanaifuata bahati hivyo. Hakukasirika. Alisema, "Baba yangu alilima mpunga kando ya mto. Mwaka mmoja mto unachukua wote, mwaka mwingine unamwachia. Jembe ni lile lile. Utamwambiaje kwamba bahati haipo?"

Nilikuona wewe, Mama, umesimama kwenye mahindi unatazama juu kutafuta mvua.

Ndipo nikamsimulia habari za Feliksi. Aliweka vigae vyake chini. "Kwetu pia kamari inavunja nyumba," alisema. "Serikali yetu inaikataza. Hapa tunachezea karanga. Mtu anataka kesho yake isifanane na leo, ndiyo maana anacheza. Lakini mimi nikizidisha, hawa wataniambia Cheni, basi, nenda ukale. Mashine itamwambia nani hivyo?"

Maneno hayo sikuweza kuyaacha kambini. Nilipopata likizo nilikwenda kwa katekista, nikaomba uwanja ulio nyuma ya kanisa kwa ajili ya bao, kila Jumapili baada ya ibada, na mshindi apewe jogoo nitakayemnunua mimi. Alikubali. Jumapili ya kwanza walikuja wazee wawili, na mmoja wao alisinzia. Kutoka njia panda tulisikia muziki wa mashine na vijana wakishangilia.

Mama, nilitaka kulia. Badala yake nilikwenda hadi dukani, nikasimama kati ya Feliksi na zile taa. Nilimwambia mbele ya wenzake, "Mama alikufundisha bao wewe, mimi alinifundisha kupika. Na leo hii mimi naweza kukufunga." Walicheka wote. Yeye hakucheka. Alikuja akiwa amenuna, akanifunga haraka hata sikuelewa kete zangu zimekwendaje. Kisha akamwamsha yule mzee, akamfunga naye.

Jumapili iliyofuata alikuja bila kuitwa. Wenzake wakaja kumtazama, na waliokuja kutazama wakataka kucheza. Akina mama wakaanza kuuza uji na mihogo. Anayekaa sana kwenye bao anaambiwa ainuke, awapishe wengine, na anainuka. Feliksi akacheza kama ulivyokuwa ukicheza wewe misibani, kimya, kidole kikizunguka juu ya mashimo kabla mkono haujashuka. Watu wazima waliokujua walitazamana. Mmoja akaniambia, "Marehemu yuko hapa."

Nikuambie ya Jumapili iliyopita. Dereva mmoja wa malori, anayesifika Rusumo nzima kwa bao, alisikia habari akaja mwenyewe. Alikaa na Feliksi, na watu walijaa hadi wengine wakapanda juu ya tofali. Dereva alikuwa mbele kwa muda mrefu. Feliksi alibakiwa na kete chache, akainamisha kichwa, akafikiri. Wakati huo huo gari dogo lilitoka njia panda likapita barabarani polepole. Nyuma lilikuwa limebeba ile mashine, imefungwa kamba. Mwenye mashine alikuja kuichukua kwa sababu haikuwa na wachezaji tena. Niliiona mimi peke yangu. Hakuna mwingine aliyegeuka, kwa kuwa Feliksi alikuwa ameanza kuzungusha kete, akala shimo moja, akala na la pili, akaendelea, na dereva akaanza kucheka mwenyewe na kumpa mkono kabla mchezo haujaisha.

Pumzika, Mama. Kesho narudi Rusumo kwenye masufuria yangu. Nakuahidi mdogo wangu hatacheza tena na kitu kisichojua jina lake, maadamu mimi nipo wa kumwambia basi, njoo ule.

Binti yako,
Vestina